Tumbo la Eufrazia

Jumatatu, 1 Machi 1993

Shajara hii nimepewa bure. Kijana wa kampuni ya dawa alipita hapa shuleni Ijumaa na pikipiki, amevaa tai, viatu vimejaa tope la Mlali. Zamani dawa zilikuja kwenye sanduku la serikali. Siku hizi zinakuja na wauza maneno. Ameniachia shajara, kalamu mbili na picha kubwa ya mapafu. Dawa hakuacha hata kidonge.

Basi niandike. Mimi Martina, muuguzi wa shule, mwaka wa saba sasa kwenye zahanati hii ya vyumba viwili. Leo nimeanza kipindi changu na wasichana wa kidato cha pili. Nimekiomba miaka miwili, Mkuu akanipa dakika arobaini kila Jumatatu jioni. Niliwachorea ubaoni mwili wa mwanamke. Wakacheka mpaka wengine wakajificha chini ya madawati. Nikawaambia chekeni, mkimaliza tutaendelea. Nikaweka kopo la biskuti mezani, nimetoboa mfuniko: mwenye swali la aibu aandike bila jina, atumbukize, nitajibu kipindi cha tatu.

Kengele ilipolia hakuna aliyecheka tena. Walikuwa wanaangalia lile kopo.

Jumatano, 3 Machi

Mvua ya kwanza ya kweli. Paa la bweni la wasichana linavuja pale pale pa mwaka jana.

Ijumaa, 5 Machi

Eufrazia wa kidato cha pili ameletwa mgongoni na mwenzake Asia. Tumbo. Amejikunja kama jongoo, jasho linamtoka, hataki kuguswa. Nimempa Panadol na kumlaza. Ni mtoto wa Waluguru wa juu kabisa mlimani, mwembamba, hesabu anazijua kuliko wavulana, maneno machache. Nikamwuliza alikula nini. Akasema, "Nesi, litaondoka lenyewe. Huwa linaondoka."

Huyu naye hakosi sababu ya kukwepa kazi za mikono za Ijumaa.

Jumatatu, 8 Machi

Kipindi cha pili. Nimewaeleza hedhi, pamba, vitambaa na namna ya kuvikausha juani bila kuona haya. Kopo limekuwa zito kidogo. Eufrazia amekaa nyuma, ameandika kila neno.

Jumanne, 9 Machi

Mkuu wa shule, Bwana Evance, ameniita. Mzazi mmoja alienda kulalamika kanisani, mwingine msikitini. Wazee wa pande zote mbili wamekuja ofisini siku moja. Ndilo jambo pekee walilokubaliana mwaka huu.

"Nesi, fundisha usafi," akasema. "Kunawa mikono, kuchemsha maji. Hayo mengine watayajua yakiwafika."

"Mkuu, yameshawafika."

"Basi wameshayajua."

Kipindi kimefutwa. Nimelitupa lile kopo ndani ya kabati bila kulifungua. Nilikuwa na hasira, na hasira yangu huwa naimalizia kwa vitu visivyo na kosa.

Jumatatu, 15 Machi

Mvua. Wanaofunga wamefuturu uji bila sukari.

Ijumaa, 19 Machi

Amri ya upimaji. Wasichana wote mia moja arobaini na watatu wapimwe mimba kabla ya likizo ya Pasaka. Bwana Evance anataka shule yake itajwe pamoja na shule kubwa ya wasichana ya Kilakala, na njia aliyoiona ni hii. Kemikali ya kupima mkojo sina tangu mwaka juzi. Nina mikono. Kila muhula ni hivyo: wanapanga foleni kutoka zahanati hadi jikoni, wavulana wanapita wakijidai kuteka maji, mmoja mmoja anaingia, analala kitandani, nabonyeza.

Nimewahi kuwapata saba kwa mikono hii. Sijawahi kukosea. Nimeandika hivyo kwa majivuno na sitafuta.

Jumanne, 23 Machi

Siku ya pili ya upimaji. Saa nne akaingia Eufrazia. Akalala, akafumba macho. Chini ya kitovu nikakuta uvimbe wa mviringo, mgumu, umekaa pale pale linapokaa tumbo la uzazi.

"Mara ya mwisho uliona siku zako lini?"

"Sijawahi kuona, nesi."

"Una miaka mingapi?"

"Kumi na sita."

"Miaka kumi na sita hujavunja ungo?"

"Bado, nesi."

Jibu hilo nimelisikia kwa wasichana wengi wenye mimba. Wote hawajawahi, wote hawajui, wote wameota tu. Nikachoka naye. Chombo cha kusikilizia mapigo ya mtoto kiko kabatini, sikukitoa. Nje walikuwa wamebaki hamsini na mvua ilikuwa inaanza. Nikaandika: mimba, wiki kumi na nane.

Akauliza, "Umeandika nini?" Nikamwambia avae, amwite anayefuata.

Jumatano, 24 Machi

Ofisini kwa Mkuu tulikuwa wanne: yeye, mimi, Modesta mlezi wa bweni, na Eufrazia aliyesimamishwa katikati.

"Taja jina," Mkuu akasema.

"Hakuna mtu."

"Ni mwanafunzi? Ni mwalimu? Ni dereva? Ni nani?"

"Hakuna mtu, Mkuu. Naapa kwa Mama Maria."

Modesta akamwambia asimtaje Mama Maria na tumbo lile. Eufrazia akanigeukia mimi. Hakulia. Aliniangalia kama mtu anayemngoja shahidi wake aseme. Nikasema, "Mwanangu, tumbo halifichiki. Sema ukweli upunguze aibu."

Saa sita wanafunzi wote wakasomewa mstarini kwamba amefukuzwa kwa mimba. Wavulana wakazomea. Sanduku lake la bati likafungwa kamba, akaondoka nalo kichwani katika mvua kushika njia ya mlimani, peke yake. Asia alitaka kumsindikiza mpaka Mlali, akarudishwa kwa fimbo.

Ni mkaidi. Wakaidi huwa hawaombi hata msamaha.

Alhamisi, 25 Machi

Sikukuu ya Idi. Pilau. Mvua.

Jumapili, 11 Aprili

Pasaka. Shule tupu. Mume wangu Ignas hajaja kutoka mjini. Tangu kiwanda kilipofungwa anauza mitumba sokoni, na sikukuu ndiyo siku ya kuuza. Nimekula peke yangu, nimesikiliza maporomoko ya maji yaliyozaliwa juzi huko juu. Mlima wote una michirizi myeupe.

Jumatano, 14 Aprili

Naandika mchana huu nikiwa nimekaa sakafuni, kati ya vitu vya kabatini.

Panya waliingia kabatini. Nikatoa kila kitu kufagia, likatoka lile kopo la biskuti. Nikalifungua ili nilitupe. Vikaratasi kumi na tisa. Nikavisoma nikicheka. Mmoja anauliza kama chunusi zinatibika kwa mkojo wa asubuhi. Mwingine, kwa nini ziwa moja limetangulia. Mwingine, kama kaka wa kambo ni ndugu au si ndugu, hapo sikucheka.

Cha kumi na moja kimeandikwa kwa mwandiko mdogo, uliosimama wima kama tarakimu:

"Kama mtu ana miaka kumi na sita na hajaona damu hata mara moja, lakini kila mwezi tumbo linamuuma sana kwa siku nne na linakua, huo ni ugonjwa gani? Je, anaweza kuzaa baadaye?"

Nikalitoa daftari la wagonjwa, nikatafuta jina lake. Tarehe kumi na sita Oktoba, tumbo. Tarehe kumi na tatu Novemba, tumbo. Kisha likizo ndefu. Tarehe tano Februari, tumbo. Tarehe tano Machi, tumbo. Nikahesabu kwa vidole kama mtoto wa darasa la kwanza. Siku ishirini na nane. Ishirini na nane. Ukizihesabu na zile za likizo, zote ishirini na nane. Mwandiko kwenye daftari ni wangu, mara nne, na mara nne nimeandika Panadol.

Kitabu changu cha chuo ninacho bado. Ukurasa upo, tulifundishwa, na kwenye mtihani niliupata. Kuna wasichana wachache wanaozaliwa na utando ulioziba njia. Hakuna anayejua mpaka wakati wa kuvunja ungo. Damu inakuja kila mwezi kama kwa wenzao, inakosa pa kutokea, inajaa ndani. Tumbo linakua. Tiba ni mkato mdogo. Ukicheleweshwa, mkojo unaziba, na yanayofuata sitaki kuyaandika.

Alikuwa anasema kweli. Kila mara alisema kweli. Aliniuliza kwa maandishi, aliniambia kwa mdomo, na tumbo lake likaniambia kila baada ya siku ishirini na nane.

Alhamisi, 15 Aprili

Nimekwenda nyumbani kwa Mkuu. Alikuwa anatengeneza banda la kuku. Nimemweleza yote. Akasikiliza, akaupiga msumari wake, akasema, "Barua imeshafika wilayani, nesi. Una uhakika sasa kuliko ule uliokuwa nao siku ile?"

Naenda mlimani Jumamosi.

Jumapili, 18 Aprili

Niandike kwa utaratibu.

Jana asubuhi nimepata lori la mboga hadi mahali ambapo barabara imekatwa na maporomoko ya udongo. Kutoka hapo nikapanda kwa miguu kwa muda wa saa tano, nimeshika viatu mkononi. Mashamba ya kabichi yametelemka bondeni pamoja na matuta yake. Nilikuwa nauliza njia kwa kila ninayekutana naye, na kila mmoja alijua nyumba ya "yule aliyefukuzwa." Habari ilikuwa imenitangulia, kwa maana mimi ndiye niliyeituma.

Mama yake, Winfrida, alikuwa anachambua maharage barazani. Nikamsalimu, nikajitambulisha. Hakuninyanyulia uso.

"Umekuja kuhesabu miezi?" akasema.

"Nimekuja kukuambia nilikosea, mama."

Akaendelea kuchambua. Punje moja, punje nyingine. Kutoka ndani nikasikia mtu anaguna kwa pumzi fupi fupi. Nikamwuliza kama binti anakojoa. Hapo ndipo mikono yake iliposimama.

"Matone," akasema. "Siku ya tatu leo. Tumeambiwa mtoto amekaa vibaya."

Eufrazia alikuwa amelala ubavu juu ya mkeka. Amekonda uso, tumbo limesimama peke yake. Shingoni na mapajani ana alama za fimbo zilizoanza kupona. Nilipopiga magoti akajivuta ukutani. Sikumgusa. Nikamwambia mbele ya mama yake ninavyofikiri, kwa maneno mepesi, na nikamwomba ruhusa niangalie tu, mama akiwa ameshika tochi.

"Mama aangalie," Eufrazia akasema. "Wewe mwambie cha kuangalia."

Ikawa hivyo. Winfrida akaangalia, akaniambia anaona kitu kama ngozi, kimevimba kwenda nje, rangi yake ya buluu kama zambarau iliyoanza kuiva. Basi. Kitabu kimesema vile vile.

"Kwa hiyo si mimba," akasema taratibu.

"Si mimba. Hajawahi kuguswa na mtu. Ni mwali, mama, tangu mwaka jana. Damu ilikuwa inakuja, haikuwa na mlango."

Winfrida akaketi chini. Kwa Waluguru mama ndiye anayeisubiri siku ya binti kuvunja ungo. Mwenyewe aliniambia baadaye kwamba alishaweka akiba ya mtama wa pombe ya ngoma tangu mtoto akiwa na miaka kumi na mbili. Akasema, "Mimi nimempiga. Mjomba wake alikuja akasema atamtaja mtu au atatoka kwenye ukoo. Hakumtaja. Nikampiga mimi mwenyewe, kwa mikono hii, ili mjomba asimpige."

Eufrazia akageuza uso ukutani. "Ningemtaja nani?" akasema.

Leo alfajiri wanaume wanne wa ukoo wamemteremsha kwa machela ya mianzi, mjomba akiwa mmoja wao. Mvua haikusimama. Kwenye vivuko walimwinua juu ya mabega. Kila machela ilipotikisika alipiga kelele, na kila alipopiga kelele mjomba alisema, "Pole, mama. Pole, mama," kama anayemsemesha mama yake mzazi. Kwenye maporomoko tukapata lori linaloteremka na viazi. Saa kumi jioni tumeingia hospitali mjini.

Jumatatu, 19 Aprili

Daktari Mohamedi amemfanyia upasuaji asubuhi. Mkato wa robo saa. Imetoka damu ya zamani, nyeusi, nzito kama asali ya nyuki wadogo, zaidi ya lita moja na nusu. Mkojo umefunguka. Figo zinaelekea kuwa salama. Daktari ni mtu mpole, anaandika huku anauliza.

"Nani alisema mimba?"

"Mimi."

Akaacha kuandika. Nilitamani anifokee. Akasema tu, "Hata mkojo hamkupima?" kisha akaendelea.

Nilimwomba anipe maelezo yote kwa maandishi, na muhuri. Akanipa.

Jumanne, 20 Aprili

Ameamka, amekula ndizi. Nilipoingia wodini akafumba macho. Nikazungumza na mama yake nje.

Jumatatu, 26 Aprili

Nimempelekea Mkuu barua ya daktari na barua yangu ya kukiri kosa. Amezisoma zote mbili mara mbili.

"Hii yako siipeleki," akasema. "Unajua inasema nini? Inasema shule hii inafukuza watoto wagonjwa. Wazazi wa sasa hivi wana chaguo, nesi. Shule za watu binafsi zinafunguliwa kila mahali. Shule ni jina."

"Na Eufrazia si jina?"

"Jina lake limefutwa kwenye orodha. Nafasi imeshapata mtu."

Nilidhani Bwana Evance ni mtu mkatili. Leo nimeona ni mwoga tu, na nimetambua kwamba miaka saba nimekuwa mkono wa mwoga.

Ijumaa, 30 Aprili

Siku ishirini na nane zimetimia tena, mara ya pili tangu ile ya Machi. Sijui kama anaumwa. Hakuna wa kuniambia.

Jumanne, 4 Mei

Ofisi ya elimu wilayani, nimezipeleka barua mwenyewe. Nimekaa kwenye benchi kuanzia saa mbili hadi saa nane. Afisa yuko semina.

Alhamisi, 6 Mei

Afisa yuko semina.

Jumatano, 12 Mei

Afisa yupo. Ameziweka barua zangu mbili ubavu kwa ubavu, ile ya mimba ya Machi na hii ya sasa.

"Muuguzi Martina anasema ana mimba," akasoma. "Muuguzi Martina anasema hana. Sasa sisi tumwamini Martina yupi?"

Watu wa meza nyingine wakacheka. Nikamwambia asimwamini Martina yeyote, amwamini daktari. Akasema atalifikisha mbele.

Jumatatu, 17 Mei

Modesta amekuja zahanati akikimbia. Mtoto wa kidato cha kwanza amekutwa chini ya kitanda bwenini, hajitambui, malaria imempanda kichwani. Ameumwa siku nne. Wenzake walikuwa wanamfunika mablanketi na kumletea uji, wala hakuna aliyemleta kwangu. Tumemkimbiza mjini kwa gari la mkaa. Amenusurika.

Nikawauliza wasichana wa chumba chake kwa nini walinyamaza. Wakaangalia sakafu. Asia ndiye aliyejibu. Yeye hakuangalia sakafu.

"Ukimwambia nesi tumbo linauma, unafungishwa sanduku."

Nikarudi, nikahesabu daftari. Tangu tarehe ishirini na nne Machi hakuna msichana hata mmoja aliyekuja kwa tumbo. Wasichana mia na arobaini, majuma nane, hakuna tumbo lililouma. Nilikuwa nimeliona hilo na nikajipongeza kwa kuchemsha maji.

Jumatano, 19 Mei

Mvua inapungua. Ukungu unakaa kileleni mpaka saa tano.

Ijumaa, 28 Mei

Orodha ya watakaopunguzwa kazini imebandikwa wilayani. Ignas ameiona kabla yangu, amekuja kuniambia. Wauguzi wa shule tumo wote, mwisho wa Julai. Serikali imegundua kwamba wanafunzi wanaweza kuumwa bila sisi. Ignas akaningoja nilie. Nilikuwa nafikiria ni nani atakayefuatilia ile barua.

Alhamisi, 10 Juni

Jibu limetoka. Eufrazia arudishwe kidato cha pili muhula wa Julai. Si kwa sababu yangu. Daktari Mohamedi alikwenda mwenyewe mkoani, bila kuniambia, akagonga meza ya mtu anayestahili kugongewa. Barua ina mistari mitatu. Inasema "kufuatia uchunguzi mpya wa kitabibu." Haisemi pole.

Jumapili, 20 Juni

Jana nimepanda tena na barua. Njia imekauka, watu wanavuna maharage. Nilipokaribia nyumba nikaona vibuyu vya pombe vimepangwa ukutani, nikaelewa kabla sijaambiwa. Eufrazia ameona siku zake, mara ya kwanza kwa njia yake. Amewekwa ndani, ni mwali sasa. Hatoki, haonekani na wageni, mpaka achezwe ngoma.

Winfrida alikuwa mtu mwingine. Amenikaribisha kiti, amenipa togwa. Nikampa barua, nikamsomea. Shule inafunguliwa tarehe tano Julai.

"Mwali hutolewa baada ya mavuno yote," akasema. "Agosti, labda Septemba."

"Mama, akikosa tarehe tano, nafasi itakwenda. Sitakuwa na wa kumwomba tena. Mimi mwenyewe naondoka."

"Mmemtoa siku mliyotaka, mnamrudisha siku mnayotaka." Hakusema kwa hasira. "Huku alizomewa na kijiji kizima. Nilitaka kijiji kizima kimwimbie. Hilo nalo niache?"

Sikuweza kumwambia aache. Mimi ni nani wa kumwambia aache?

Mjomba alikuwepo. Akatema mate kando, akasema, "Aulizwe mwenyewe. Sisi wote hapa tuliamua bila kumwuliza, tukaona."

Winfrida akaenda kwenye mlango wa chumba cha ndani, akaongea Kiluguru kwa sauti ya chini. Nikasikia sauti ya Eufrazia ikijibu, si ya mgonjwa tena. Walibishana. Mara mbili mama alirudi nusu njia, mara mbili akarudi mlangoni. Mwishowe akaja kuketi, akafuta macho kwa upande wa khanga.

"Anasema ngoma ichezwe Jumamosi ijayo, ndogo, ya wanawake wa ukoo tu. Anasema hesabu hazimsubiri." Kisha akaongeza, "Anasema nawe usije kwenye ngoma."

Nikainuka, nikaaga. Nilipopita karibu na ukuta wa chumba kile nilisimama. Nilikuwa na maneno mengi, nimeyapanga njia nzima. Nikasema tu, "Eufrazia, nilikosea. Nisamehe."

Nilisikia anasogeza kitu, labda mkeka. Nikasubiri mpaka nikaona aibu, nikateremka.

Jumatatu, 5 Julai

Shule imefunguliwa. Amekuja na sanduku lile lile, mjomba amelibeba. Amenenepa kidogo, amenyoa nywele. Wavulana walinyamaza alipopita. Mkuu alimpokea kwa tabasamu la mwenyeji wa sherehe, akasema shule yetu inajali afya ya watoto.

Ijumaa, 9 Julai

Mkuu ameniletea orodha ya upimaji. Mia moja arobaini na moja. Nimemwambia sitapima.

"Hiyo ni amri, nesi. Nitaandika barua ufukuzwe."

"Ninapunguzwa mwisho wa mwezi, Mkuu. Andika haraka."

Akaenda kumwomba Modesta apime. Modesta alikataa, akasema yeye hajasomea. Jioni nikasikia kwamba ataleta mkunga wa kukodi kutoka mjini. Watapanga foleni hadi jikoni kama kawaida. Nimeshinda wapi?

Nimepita bweni kwa bweni, nimewaambia: atakayekuja kuwabonyeza, mwulizeni maswali, kila mmoja awe na mwenzake ndani, na mwenye maumivu ya kila mwezi aniambie sasa hivi nimwandikie barua ya kwenda kwa daktari Mohamedi. Walinisikiliza kwa adabu. Wawili wamekuja. Wawili, kati ya mia moja arobaini na mmoja.

Ijumaa, 16 Julai

Mchana Asia amekuja zahanati. Mara ya kwanza tangu Machi msichana anavuka kizingiti hiki peke yake bila kuitwa.

"Shikamoo nesi. Naomba pamba."

"Marahaba. Zimekufika?"

"Si zangu."

Ni mtoto asiyejua kudanganya, ndiyo maana wanamtuma.

"Anaumwa sana?"

"Kidogo. Kama watu wote."

Nikafungua kabati, nikatoa pakiti mbili, zile za mwisho nzuri nilizonazo. Nikazifunga kwenye gazeti vizuri, wavulana wasione. Nikamkabidhi. Nikasema, "Mpelekee salamu zangu. Mwambie..."

Asia akatikisa kichwa haraka, kama mtu aliyefundishwa njiani.

"Amesema pamba nipokee, nesi. Salamu nisipokee."